Kusomea Kriminolojia na Kuifanya Kazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa zaidi na wanafunzi wanaomaliza sekondari, wazazi wao, na askari walio kazini wanaotaka kurudi darasani. Majibu yanahusu Kenya na Tanzania. Sheria na taratibu za nchi hizi mbili hazifanani, kwa hiyo angalia kila mara ni nchi ipi inayozungumzwa.

Mwanakriminolojia anafanya kazi gani hasa?

Anauchunguza uhalifu kama jambo linalotokea ndani ya jamii. Anauliza nani anaumizwa na nani anaumiza, kwa nini hapa na si kijiji cha pili, kwa nini sasa, na nini humpata mtu baada ya kukamatwa, kuhukumiwa na hatimaye kurudi nyumbani.

Chukua mauaji ya wazee katika kaunti ya Kilifi. Kwa miaka mingi wazee wa huko wamekuwa wakikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na wengine wamekimbilia Kaya Godoma, eneo la Ganze, wakiacha nyumba na mashamba yao. Polisi anayekwenda kwenye tukio anataka kujua nani alishika panga. Wakili anataka kujua kama ushahidi unatosha. Mwanakriminolojia anakusanya mafaili ya mauaji mengi, halafu anauliza maswali ambayo hayakuandikwa mahali popote. Marehemu alikuwa na shamba? Hati ilikuwa kwa jina la nani? Nani aliitamka tuhuma mara ya kwanza, jirani au mtoto wa kaka yake? Kulikuwa na msiba au ugonjwa gani nyumbani mwezi uliotangulia? Nani analima pale leo?

Ukizipanga kesi hizo pamoja, ardhi na urithi vinajitokeza tena na tena chini ya neno "mchawi". Hapo dawa nayo inabadilika. Kama tatizo lingekuwa hofu ya uchawi peke yake, tungetuma wahubiri na walimu. Likiwa ni ardhi, inabidi tuzungumze juu ya hati miliki, mirathi inayogawanywa mzee akiwa hai, na migogoro ya mipaka inayokaa miaka bila kuamuliwa.

Kanda ya Ziwa, upande wa Tanzania, kuna jambo linalokaribiana na hilo. Wanawake vikongwe wa Shinyanga na mikoa jirani waliuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu huo ulisemwa kuwa ni alama ya uchawi. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Ni wanawake waliopika maisha yao yote kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Mtu aliyeufuatilia wekundu ule hadi jikoni alifanya kazi ya kriminolojia, hata kama kwenye kitambulisho chake iliandikwa afisa ustawi wa jamii.

Kwa hiyo si sawa na upelelezi? Na yale ya maabara tunayoyaona kwenye filamu?

Ni kazi tatu tofauti. Mpelelezi anafuatilia tukio moja mpaka mshukiwa afikishwe mahakamani. Mtaalamu wa maabara anapima damu, risasi, alama za vidole au DNA. Tanzania, kazi kubwa ya aina hiyo hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na Kenya kuna maabara ya DCI, yaani idara ya upelelezi wa jinai, na ya Mkemia wa Serikali. Huko wanaingia watu wa kemia na biolojia. Kama ndoto yako ni kuvaa koti jeupe na kuchukua sampuli, usisome kriminolojia. Soma sayansi. Nalisema wazi kwa sababu kila mwaka wapo wanafunzi wanaoligundua hili wakiwa mwaka wa pili wa chuo, ada ikiwa imeshalipwa.

Nimefaulu masomo ya sanaa. Naweza kuingia?

Ndiyo. Kenya, kuingia shahada moja kwa moja kunahitaji wastani wa C+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na nafasi za serikali hupangwa kupitia KUCCPS, chombo cha kuwapangia wanafunzi vyuo. Wenye alama za chini huanza na cheti au stashahada kisha wakapanda. Tanzania, angalia mwongozo wa udahili wa TCU, tume ya vyuo vikuu, wa mwaka unaoomba, kwa sababu vigezo vya kozi hubadilika.

Historia, Kiswahili, Kiingereza, dini na jiografia vyote vinasaidia. Hisabati nayo usiitupe. Sababu nitaieleza hapo chini.

Nisome chuo gani?

Kenya ina vyuo kadhaa vyenye shahada ya kriminolojia, mara nyingi ikiunganishwa na masomo ya usalama. Egerton, Dedan Kimathi na Masinde Muliro ni baadhi yake. Kabla hujachagua, tafuta orodha ya masomo ya miaka yote na uhesabu mambo mawili: kuna masomo mangapi ya mbinu za utafiti na takwimu, na kuna mafunzo ya vitendo ya muda gani. Kozi iliyojaa usimamizi wa walinzi na kamera za ulinzi inaweza kuwa nzuri kwa anayetaka kuwa meneja wa usalama kiwandani. Kwa mtafiti haitoshi.

Tanzania, waliofika mbali wengi walipitia njia ya pembeni: sosholojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ustawi wa jamii pale Taasisi ya Ustawi wa Jamii Kijitonyama, sheria, au saikolojia. Kisha wakaelekeza utafiti wao wa mwisho kwenye uhalifu, magereza au watoto wanaokinzana na sheria. Njia hii mimi naipenda. Mtu anayeijua jamii vizuri kwanza hujifunza uhalifu haraka kuliko yule aliyefundishwa uhalifu tangu siku ya kwanza bila kuijua jamii unamotokea.

Hesabu zinanitisha. Kuna njia ya kuzikwepa?

Hakuna, na nitakaa kidogo kwenye jibu hili kwa sababu ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kila mwaka polisi hutoa takwimu za uhalifu. Gazeti linaandika kwamba uhalifu umepanda au umeshuka, waziri anapongezwa au analaumiwa. Takwimu zile zinahesabu kitu kimoja tu: matukio yaliyofika kituoni na kuandikwa. Mtu aliyeporwa simu na hakwenda kuchukua OB, au huku Tanzania RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, hayumo. Mke anayepigwa na kuambiwa na ukoo "mvumilie, ni mumeo" hayumo. Duka lililoibiwa na mwenyewe akamalizana na mwizi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, nalo halimo.

Sasa fikiria polisi wanafungua Dawati la Jinsia na Watoto katika wilaya ambayo haikuwa nalo, wakaweka askari mwanamke anayesikiliza kwa heshima. Mwaka unaofuata kesi za ubakaji zilizoandikwa zinapanda. Je, ubakaji umeongezeka? Inawezekana kabisa kwamba kilichoongezeka ni imani ya wanawake kwamba watasikilizwa. Asiyejua takwimu atasema dawati limeshindwa na kupendekeza lifungwe.

Fikiria pia msako wa usiku. Magari yanapita mjini, vijana mia wanabebwa kwa uzururaji. Asubuhi kituo kina wahalifu mia zaidi kuliko jana, na hakuna aliyeibiwa. Makosa haya ya uzururaji tuliyarithi kutoka sheria za mkoloni, na tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika. Anayechora jedwali la uhalifu bila kutenganisha uzururaji na wizi wa mabavu anamdanganya msomaji wake, hata kama kila tarakimu aliyoiandika ni sahihi.

Mfano wa tatu ni ujumbe ambao kila Mtanzania amewahi kuupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Ripoti za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro miongoni mwa inayoongoza kwa laini zilizofungwa kwa utapeli, ilhali Dar es Salaam ina watu wengi zaidi. Swali la mwanakriminolojia linaanzia hapo. Je, laini zinahesabiwa pale zilipotumika au pale zilipoandikishwa? Vijana wa sehemu hizo walifundishwa na nani? Kuna kijiji ambako utapeli umekuwa ufundi unaorithishwa, kaka akimfundisha mdogo wake? Waliokuwa wakituma ujumbe ule walikuwa na kazi gani kabla? Namba peke yake haitakujibu, lakini bila namba hata swali usingelipata.

Kwa hiyo jifunze asilimia, viwango kwa kila watu 100,000, wastani, sampuli, na jinsi ya kusoma jedwali. Excel itakufikisha mahali, kisha programu za takwimu kama SPSS, Stata au R. Vijana wengi waliosema hawawezi hesabu wameziweza walipoona zinahusu kitu wanachokijali.

Je, kuna faida ya kusoma wanazuoni wa Ulaya waliokufa zamani?

Ipo, ukisoma ukiwa macho. Cesare Beccaria wa Milano aliandika mwaka 1764 kwamba kinachozuia uhalifu ni uhakika wa kukamatwa, na kwamba ukali wa adhabu hausaidii sana kama mtu anajua hatakamatwa. Kenya ina jambo la kupima hapo. Wizi wa mabavu uliwekewa adhabu ya kifo ya lazima tangu miaka ya 1970, hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1987, na muda wote huo watu wameendelea kuhukumiwa kifo kwa kosa hilohilo.

Cesare Lombroso, daktari wa Torino, alidai mwaka 1876 kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu na kwamba unaweza kuwatambua kwa umbo la fuvu na taya. Alikosea vibaya. Fikra za aina ile ziliingia kwenye vitabu vya watawala waliopima vichwa vya Waafrika na kutangaza makabila fulani kuwa ya wezi. Msome ili umtambue atakaporudi na nguo mpya, kwa mfano mtu anapouza programu ya kompyuta inayodai kumtambua mhalifu kwa sura yake.

Tunao pia wa kwetu. Tibamanya mwene Mushanga wa Uganda alichunguza mauaji nchini kwake tangu miaka ya 1970, akionyesha ni nani huuana na nani, na katika mazingira gani. Mtafute maktabani.

Nikimaliza, nani ataniajiri?

Tangazo la kazi lenye neno "mwanakriminolojia" ni nadra. Kazi zipo kwa majina mengine, na inabidi uyajue majina hayo.

Kenya, mahali panapokaribiana zaidi na jina la fani ni Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, Nairobi, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997 ili kuchunguza vyanzo vya uhalifu na njia za kuuzuia. Ni taasisi ndogo, kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo. Omba hata nafasi ya kukusanya data wanapofanya utafiti mikoani, maana utajifunza mengi.

Kazi ninayoipendekeza kuliko zote kwa anayeanza ni ya afisa wa probesheni. Hakimu anapotaka kumjua mtu aliyesimama kizimbani kabla ya kumhukumu, afisa huyu ndiye anayekwenda kijijini. Anaongea na mama wa mshtakiwa, chifu, mwalimu wake wa zamani, na familia ya aliyeumizwa, kisha anaandika ripoti. Kwa makosa yasiyozidi kifungo cha miaka 3, sheria ya Kenya ya mwaka 1998 inaruhusu mahakama kutoa amri ya kutumikia jamii badala ya jela, na Tanzania ina sheria yake ya huduma kwa jamii ya mwaka 2002. Anayeamua kama mtu anafaa adhabu hiyo ni hakimu, lakini anaamua akiwa ameshika karatasi yako.

Uzito wa karatasi hiyo ulionekana baada ya tarehe 14 Desemba 2017. Siku hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila kosa la mauaji ni kinyume cha Katiba. Wafungwa wengi waliomba kuhukumiwa upya. Mwaka 2021 mahakama hiyo ikafafanua kwamba uamuzi wake ulihusu mauaji peke yake. Katika kesi hizo mtu alifika mbele ya jaji akiwa amekaa ndani miaka 15 au 20, na jaji akahitaji kujua: huyu leo ni nani? Amebadilika? Familia ya marehemu inasema nini? Kijiji kitampokea? Kujibu maswali hayo kwa haki, bila kumpendelea mfungwa na bila kumsahau marehemu, ni kriminolojia ya hali ya juu. Mtu aliyeandika ripoti kumi za namna hiyo amejifunza kisichofundishwa katika muhadhara wowote.

Magereza nayo huajiri. Kenya ina taasisi za kurekebisha vijana za Shimo la Tewa, Shikusa na Kamae, hii ya mwisho ikiwa ya wasichana. Tanzania kuna shule ya maadilisho ya Irambo, Mbeya, na mahabusu za watoto zilizo chini ya ustawi wa jamii.

Vyombo vya kupambana na rushwa, yaani TAKUKURU ya Tanzania na EACC ya Kenya, vinahitaji wachambuzi. IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia polisi iliyoundwa Kenya kwa sheria ya mwaka 2011, inachunguza vifo na majeraha yanayosababishwa na polisi. Ni kazi ya kishujaa, na inachosha.

Dawa za kulevya zina nafasi kubwa kwa mtu wa pwani. Heroini inayoshuka kwa majahazi kutoka upande wa Makran, pwani ya Iran na Pakistan, haiishii Ulaya yote, nyingine hubaki Mombasa, Unguja, Tanga na Dar es Salaam. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, mwaka 2011, na Kenya ikafuata miaka michache baadaye. Anayeweza kupima kama kijana anayekunywa methadoni kila asubuhi anaiba kidogo kuliko alipokuwa kijiweni ana kazi ya kutosha maisha yake yote.

Wanyamapori ni eneo jingine. Tembo wa Tanzania walishuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi karibu 43,000 mwaka 2014, na vipimo vya DNA ya pembe zilizokamatwa vilielekeza kusini mwa nchi. Aliyewapiga risasi alilipwa kidogo. Waliotajirika walikuwa mjini na ng'ambo. Kuuchora mnyororo huo wa fedha ni kazi ya mchambuzi.

Kwenye benki na kampuni za simu kazi huitwa udhibiti wa utapeli au wa utakatishaji fedha haramu. Tanzania iliingia kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachoorodhesha nchi zenye udhaifu wa kuzuia utakatishaji fedha, mwezi Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025. Kenya iliwekwa Februari 2024. Nchi ikiingia kwenye orodha hiyo, benki zake zinalazimika kuimarisha uchunguzi wa miamala, na wanaojua kusoma mienendo ya wahalifu wanatafutwa.

Mashirika ya kimataifa ni machache. UNODC, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na uhalifu, ina ofisi ya kanda Nairobi, na Kampala kuna taasisi ya Umoja wa Mataifa ya Afrika ya kuzuia uhalifu, UNAFRI. Kampuni za ulinzi, ambazo Kenya husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2016, huchukua wahitimu wengi kuliko zote hizo.

Mshahara ukoje?

Serikalini utaanza na mshahara wa mhitimu wa kawaida, wa kuishi kwa kubana. Mashirika hulipa vizuri zaidi lakini kwa mikataba mifupi. Benki ndizo zenye nafuu ya fedha. Anayetafuta utajiri achague fani nyingine.

Ni lazima niwe polisi?

Hapana. Ukitaka, fahamu kwamba usajili wa konstebo wa Kenya huanzia alama D+, na shahada yako haikupi cheo siku unayoingia. Inaweza kukusaidia baadaye kuhamia upelelezi au uchambuzi.

Nataka kufanya utafiti wangu gerezani. Nifuate utaratibu gani?

Kenya unahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya sayansi, Tanzania bara kibali cha COSTECH, tume ya aina hiyohiyo, na Zanzibar ina utaratibu wake. Juu ya hapo unahitaji idhini ya kamati ya maadili ya chuo chako na ruhusa ya Magereza yenyewe. Anza miezi mingi kabla, maana barua hukaa mezani.

Vibali ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni namna utakavyokaa mbele ya mtu asiye na uwezo wa kuondoka. Mfungwa akiambiwa na askari "njoo uongee na huyu mtafiti", hawezi kukataa kirahisi. Wewe ndiye unayepaswa kumpa nafasi ya kukataa, kwa maneno anayoyaelewa, askari akiwa mbali kiasi cha kutosikia. Mwambie waziwazi kwamba kuongea nawe hakutampunguzia siku hata moja ya kifungo. Watu walio ndani hushika kila uzi wa matumaini, na mtafiti anayetabasamu tu anapoulizwa "utanisaidia rufaa yangu?" amekwisha kumwahidi kitu.

Kuna swali gumu zaidi. Katikati ya mahojiano mtu anakuambia kosa ambalo hakushtakiwa kwalo. Utafanya nini? Ukingoja siku hiyo ifike ndipo ufikiri, umechelewa. Mipaka ya usiri huandikwa kwenye fomu ya ridhaa na kusomwa kabla ya swali la kwanza: nitatunza siri zako, isipokuwa ukiniambia kuna mtoto anayeumizwa sasa hivi au mtu unayepanga kumdhuru. Na mwombe asitaje majina, tarehe wala mahali pa makosa ambayo hayajafika mahakamani. Jina usiloliandika haliwezi kunyang'anywa na mtu.

Daftari lako lisiwe na majina halisi. Weka namba, na ufunguo wa namba hizo ukae mahali pengine.

Mimi ni mwanamke, na wazazi wanasema si kazi ya mwanamke.

Mambo mengi katika fani hii hayatajulikana mpaka mwanamke ayaulize. Wanawake walioko magereza ya Lang'ata au Segerea hawatamweleza mwanamume kila kilichowafikisha pale, hasa waliowaua waume waliokuwa wakiwapiga. Waambie wazazi pia kwamba sehemu kubwa ya kazi ni ofisini, mahakamani na kwenye mafaili. Kwenye uwanja hakuna anayepaswa kwenda peke yake, awe mwanamke au mwanamume: mwende wawili, mwenyekiti wa mtaa akijua mlipo, na mrudi kabla ya giza.

Niliwahi kufungwa. Milango imefungwa?

Ya jeshi la polisi na magereza, karibu yote. Ya chuo na utafiti, hapana. Huko nje kuna wanazuoni waliopitia jela na maandishi yao yanaheshimiwa. Kwetu, wafungwa wa gereza la Kamiti, Nairobi, wamesoma shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha London wakiwa ndani na kuwasaidia wenzao kuandika rufaa. Unajua kelele za usiku za bweni la rumande, unajua chakula kinavyogawanywa na nani anaamua. Ni elimu ambayo wenzako darasani hawana. Ukiweza kuichanganya na nidhamu ya utafiti, andika.

Kusoma nje ya nchi kuna maana?

Kwa shahada ya uzamili, ndiyo, hasa ukipata ufadhili wa Chevening wa Uingereza, DAAD wa Ujerumani au wa Jumuiya ya Madola. Taasisi ya kriminolojia ya Cambridge ipo tangu mwaka 1959, na Cape Town iko karibu zaidi na matatizo yetu. Shahada ya kwanza isome nyumbani.

Nitalala kweli baada ya kusoma mafaili hayo?

Kuna siku hutalala. Faili la mtoto aliyebakwa na baba yake halifungiki kwa kufunga jalada. Wanaodumu ni wale wenye mtu mzima kazini wa kuongea naye, wanaogawa mafaili mazito kwa zamu, na wasiobeba picha za ushahidi kwenye simu zao. Ukienda mahojiano ya kazi, uliza kama ofisi ina utaratibu wa ushauri nasaha kwa wafanyakazi. Jibu watakalokupa litakuambia mengi juu ya ofisi hiyo.

Bado niko shule. Naweza kuanza na nini?

Nenda mahakamani. Kesi nyingi husikilizwa hadharani na hulipi kitu. Vaa vizuri, zima simu, inama unapoingia na kutoka, kaa nyuma. Chagua mahakama ya hakimu asubuhi ya Jumatatu, wanapoletwa waliokamatwa mwisho wa wiki. Chora jedwali kwenye daftari bila majina: kosa, umri unaoonekana, ana wakili au hana, amepewa dhamana ya kiasi gani, ameweza kuilipa au amerudishwa rumande. Fanya hivyo Jumatatu kadhaa za likizo, kisha kaa chini uhesabu ni wangapi walirudi rumande kwa sababu ya kosa walilofanya, na wangapi kwa kukosa fedha ya dhamana.

Mahakama ya watoto hutaingia, na kesi nyingi za ubakaji husikilizwa faraghani. Kwa ubakaji subiri hukumu: Kenya huchapishwa na Kenya Law, Tanzania kwenye TanzLII, zote bure kwenye intaneti. Anza na hukumu za wilaya unayoishi, ambako unazijua barabara, mashamba na misimu ya njaa inayotajwa humo.